Aliuza, hakugawa sadaka: Marie Vassilieff na wenye mikahawa wa kwetu

Ndugu Mhariri,

Asalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya makala mliyoichapa kuhusu maisha ya Marie Vassilieff, mchoraji wa Kirusi aliyefungua mkahawa wa wasanii mjini Paris wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Makala niliisoma hadi mwisho, nikampa na jirani yangu aisome, na nawashukuru kwa kutuletea sisi wa Unguja na Pemba habari za mwanamke ambaye hata huko alikoishi hatajwi sana. Hata hivyo, mwandishi wenu amempa Vassilieff sifa ambayo, kwa maoni yangu, inampunguzia heshima badala ya kumwongezea. Amemwita mtoa sadaka. Vassilieff alikuwa muuza chakula, tena muuzaji hodari, na mtu asipoliona hilo hataelewa kwa nini mkahawa wake ulisimama katika miaka ya njaa, wala hatawatambua wenzake waliokuwapo hapa petu katika miaka kama hiyo.

Yasiyo na ubishi ni haya. Alizaliwa Smolensk, nchini Urusi, mwaka 1884. Jamaa zake walitaka asomee utabibu. Yeye akapenda uchoraji, akausoma St. Petersburg, kisha akahamia Paris akiwa bado kijana na kusoma kwa muda kwa mchoraji Henri Matisse. Kufikia mwaka 1912 alikuwa na chuo chake mwenyewe cha uchoraji katika nyumba namba 21 ya Avenue du Maine, mtaa wa Montparnasse. Hakikuwa chuo cha mchezo: mchoraji Fernand Léger alitoa humo mihadhara miwili juu ya sanaa mpya, mmoja mwaka 1913 na wa pili mwaka 1914. Montparnasse ya wakati huo ilijaa wasanii waliotoka Urusi, Poland, Italia, Hispania na kwingineko, wakiishi yale maisha ya kibohemia ambayo makala yenu imeyasifu mno, yaani kodi ya nyumba haijalipwa, rangi imenunuliwa kwa deni, na usiku unakesha kwa mazungumzo na pombe. Nasema pombe kwa sababu ilikuwapo, na sioni faida ya kumsafisha marehemu kwa kufuta mambo ambayo yeye mwenyewe hakuyaficha.

Vita vilipoanza Agosti 1914, vijana wa Kifaransa walikwenda mstari wa mbele, wauzaji wa picha wakafunga maduka yao, na wasanii wa kigeni waliobaki wakajikuta hawana mnunuzi wala msaada, kwa sababu fedha walizokuwa wakitumiwa na jamaa zao kutoka ng'ambo zilikatika. Vassilieff alijitolea kuwa muuguzi katika Msalaba Mwekundu wa Ufaransa. Hapo ndipo mwandishi wenu alipoandika kwamba moyo uleule wa kujitolea ndio uliomfanya, mwezi Februari 1915, augeuze ukumbi wake wa uchoraji kuwa mkahawa. Naukubali moyo. Lakini moyo haupiki supu, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Mkahawa wenyewe umeelezwa vizuri na watu waliokula humo. Samani ziliokotwa kwenye soko la vitu vikuukuu, viti na vigoda havikulingana urefu wala sura, na kochi lililoegemezwa ukutani ndilo alilokuwa akilalia mwenye nyumba wateja wakishaondoka. Ukutani zilitundikwa picha za wachoraji Chagall na Modigliani pamoja na michoro ya Picasso na Léger, ambazo leo zingehitaji walinzi wenye silaha. Nyuma ya kaunta kulikuwa na jiko la gesi la mafiga mawili na jingine dogo la spiriti, na juu ya moto huo mdogo mpishi mmoja alikuwa akiwapikia watu 45. Kwa senti 65 za Kifaransa mtu alipata supu, nyama, mboga, na saladi au kitu kitamu, pamoja na kahawa au chai. Aliyetaka divai aliongeza senti 10.

Naomba wasomaji wenzangu wazitazame hizo senti 65 kama atakavyozitazama mtu aliyewahi kuendesha hoteli ya chai. Si bei ya kumtajirisha mwenye mkahawa, hilo ni wazi. Lakini ni bei. Nyama imenunuliwa, gesi imelipwa, mpishi amepata chake, na kilichobaki, kama kilibaki, kimekwenda kwenye nyama ya kesho. Mtu aliyelipa senti zake anakaa kitako kama mteja. Ana haki ya kusema supu imepoa, ana haki ya kuchagua kiti, ana haki ya kutomwambia mtu yeyote kwamba tangu jana hajala. Aliyepewa bure hana haki hata moja katika hizo. Wachoraji wale walikuwa watu wazima wenye majina yao, wengine wenye kiburi kikubwa kuliko mifuko yao, na sidhani kwamba wangepanga foleni mbele ya mlango wa sadaka kila siku kwa miaka mitatu. Vassilieff aliwajua, kwa sababu alikuwa mmoja wao, na akawawekea mlango wa kuingilia ambao hauwavunjii uso.

Kuna jambo la pili ambalo makala imelipita kwa sentensi moja, nami naliona kuwa ndilo la werevu zaidi. Wakati wa vita mikahawa ya Paris ililazimishwa kufunga mapema usiku. Vassilieff aliuandikisha mkahawa wake kama klabu ya watu binafsi, na kwa kuwa klabu haikuhesabiwa kuwa mkahawa, amri ile haikumhusu. Ndiyo maana watu waliweza kubaki hapo hadi usiku mwingi wakila, wakiimba na kubishana. Sisi wa Mji Mkongwe hatuhitaji kufafanuliwa sana habari hii. Tangu chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa kianzishwe mwaka 1905, na vyama vya lelemama na taarabu vya akina mama vilivyokuja baadaye, tunajua jinsi daftari la wanachama, mwenyekiti na mweka hazina vinavyoweza kuwafungulia watu mlango ambao vinginevyo wangefungiwa. Mtu anayefikiria hivyo ni mwendeshaji. Huruma bila uendeshaji ingemaliza akiba yake kabla ya msimu wa baridi kwisha.

Nusu nzima ya makala yenu, Ndugu Mhariri, imetumika kwa usiku mmoja wa Januari 1917, katika karamu ya kumpongeza mchoraji Georges Braque aliyekuwa amejeruhiwa kichwani vitani mwaka 1915 na kupona. Ni kisa kitamu, sikatai. Matisse anakata nyama ya bata mzinga. Modigliani, ambaye hakualikwa kwa sababu mpenzi wake wa zamani alikuwapo na mwanamume mwingine, anaingia kwa fujo. Mwanamume yule anatoa bastola. Na Vassilieff, mwanamke mfupi kuliko karibu kila mtu ukumbini, anamsukuma Modigliani nje hadi kwenye ngazi, na mlango unafungwa nyuma yake. Mwandishi wenu ameona humo kituko cha wasanii. Mimi nimeona mwenye mkahawa anayelinda mlango wake na wateja wake, kazi ambayo kila mwenye hoteli ya chai karibu na bandari yoyote duniani anaijua. Lakini huo ulikuwa usiku mmoja. Siku nyingine zote zilikuwa za kuosha vyombo, na ningefurahi kama vyombo vingepata aya yao.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Baada ya Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 alitiliwa shaka kwa ajili ya asili yake na watu aliowakaribisha mezani. Vita vilipokwisha aliendelea kuchora, akajulikana kwa vinyago vya vitambaa na ngozi vilivyofananishwa na sura za watu mashuhuri, na mwaka 1927 alikuwa miongoni mwa wasanii waliopamba nguzo za mkahawa mkubwa wa La Coupole, palepale Montparnasse. Hakutajirika. Alifariki mwaka 1957 katika nyumba ya kulelea wasanii wazee huko Nogent-sur-Marne. Ukumbi wake wa Avenue du Maine ulifanywa makumbusho ya mtaa mwaka 1998, na baada ya makumbusho hayo kufungwa, ukaendelea kutumika kwa shughuli za sanaa kwa jina lake. Jina lake, basi, limebaki mlangoni.

Sasa nije kwetu, kwa sababu barua hii nisingeiandika kwa ajili ya Paris peke yake.

Vita vile vilitufikia mapema. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya bandari yetu, na mabaharia waliokufa wana makaburi yao katika kisiwa cha Chapwani hadi leo, yakiwa na majina yaliyochongwa. Baadaye wapagazi walichukuliwa kutoka visiwani kwenda kubeba mizigo ya jeshi la Kiingereza bara. Askofu wa Kianglikana Frank Weston aliongoza mwenyewe kikosi kimoja cha wapagazi kutoka Zanzibar, na kwa hilo alipewa nishani na vitabu vinamtaja. Katika Afrika ya Mashariki nzima wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na chakula kibaya kuliko kwa risasi, na wengi sana miongoni mwao hawakwenda kwa hiari. Kwa hiyo neno kujitolea tulitumie kwa uangalifu tunapozungumzia vita vya mabwana katika nchi iliyokuwa chini ya himaya yao. Aliyejitolea Paris alikuwa na nafasi ya kukataa.

Jina la Kariakoo lililobaki Dar es Salaam, na hapa kwetu pia, ni kumbukumbu ya wapagazi hao, kwani limetokana na Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Lakini nani alikuwa akiwauzia chai na mihogo walipokuwa wakingojea kupakiwa melini? Nani alimkopesha mke wa mpagazi aliyeachwa na watoto mtaani kwetu Ng'ambo? Sisemi kwamba ninayo majibu ya maswali hayo kwa majina. Nasema kwamba kazi hiyo ilifanywa, kwa sababu watu walikula, na kwamba waliokuwa wakiifanya walikuwa wafanyabiashara wadogo wa aina ileile ya Vassilieff, isipokuwa hawakuwa na Picasso ukutani.

Vita vya Pili nina la kusema zaidi, kwa kuwa nimeyasikia kwa waliokuwapo. Zanzibar ilikuwa ikila mchele wa kutoka Burma, na Wajapani walipoiteka nchi hiyo mwaka 1942 mchele ukakatika. Ukaja mgao. Na mgao ule haukuwa sawa kwa watu wote: kabila la mtu liliangaliwa, na kabila hilo ndilo lililoamua, kwa sehemu kubwa, kama mtu atapewa mchele au ataambiwa ale unga wa mahindi. Serikali ikahimiza kilimo cha chakula, muhogo ukapanda daraja kutoka chakula cha shamba hadi chakula cha kila nyumba ya mjini, na sukari na nguo zikawa vitu vya kusimuliwa. Marehemu bibi yangu mzaa mama alikuwa akiuza chai mlangoni kwake, upande wa Malindi, kwa wachukuzi wa bandarini na mabaharia wa majahazi. Kwa kauli yake, chai ya wakati wa vita ilikuwa ya rangi, ina tangawizi nyingi ili mnywaji asiulizie sukari, na kando yake palikuwa na muhogo wa kuchemsha na nazi pale ambapo kabla ya vita palikuwa na maandazi.

Bibi hakujua kuandika. Daftari la deni lilikuwa likiandikwa na mtoto wake mkubwa, na wateja waliokuwa hawajalipwa walikunywa kwa deni hilo hadi meli ishushe. Nimewahi kuambiwa na watu wa siku hizi kwamba huo ndio ukarimu wa Kizanzibari. Bibi angecheka. Alikuwa akidai, na akidai kwelikweli, na asiyelipa alijua kwamba kesho yake hatapata hata maji ya moto. Lakini alidai kwa taratibu zake. Hakumdai mtu mbele ya watu, hakumtaja mdaiwa barazani, na mke wa mchukuzi akimtuma mtoto na birika, mtoto alirudi nalo limejaa, deni likaandikwa kwa jina la baba yake bila ya kusemwa neno. Kusitiri watu, kwa mtazamo wake, kulikuwa sehemu ya biashara, sawa na kuosha vikombe. Mteja aliyesitiriwa hurudi, na akipata hulipa.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba dini yetu inasisitiza kuwa sadaka bora ni ile ambayo mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto haujui, na kwamba hivyo ndivyo alivyofanya Vassilieff na ndivyo alivyofanya bibi yangu: walitoa sadaka ya siri kwa sura ya biashara. Ni hoja nzuri na sitaki kuidharau. Bila shaka yalikuwapo madeni ambayo bibi aliyafuta moyoni huku akiyaacha kwenye daftari, na bila shaka Vassilieff alimlisha bure zaidi ya mtu mmoja. Lakini siri hiyo iliwezekana kwa sababu biashara ilikuwapo, yenye bei inayojulikana, na wengi wakilipa. Ukiiondoa bei, kila anayeingia mlangoni anajulikana kuwa ni maskini, na siri imekwisha. Ndiyo maana nashikilia kwamba muuzaji atajwe kwanza, mtoaji baadaye.

Wala sitaki kuwapaka mafuta wenye mikahawa wote. Shida huzaa walanguzi, na katika miaka ya vita walikuwapo waliouza sukari ya mgao kwa mlango wa nyuma, waliochanganya kahawa na vitu visivyosemeka, na waliomkopesha mtu chai ili wamnyang'anye pete ya mkewe. Kumbukumbu za kweli zitawataja na hao, si kwa majina ya ukoo bali kwa matendo. Daftari la deni lina faida hiyo kwamba halipendelei mtu: linaonesha aliyeuza kwa bei ya haki na aliyepandisha bei wiki moja baada ya nyingine.

Jambo jingine linalowafanya wanawake hawa wasionekane ni mahali walipofanyia kazi. Baraza ya kahawa, ile ya dele na vikombe vidogo na kashata, ilikuwa na bado ni ya wanaume. Mpaka leo pale Jaws Corner utawakuta wanaume wakicheza dumna na kubishana siasa, na mwanamke anapita njia yake. Mwanamke aliyeuza chai aliiuzia mlangoni, nusu mwili ndani na nusu nje, au aliwatuma watoto na sinia, na mara nyingi biashara ilijulikana kwa jina la mume au mwana. Kwa hiyo mtafiti akienda kutafuta majina ya wenye hoteli za chai katika vibali vya zamani, akikuta orodha ya wanaume watupu, asije akasema wanawake hawakuwapo. Vassilieff aliandikisha klabu kwa jina lake na akasimama mbele ya mlango wake. Tofauti hiyo ni kubwa, na ingefaa makala iiseme badala ya kutuachia tudhani kwamba wanawake wa kibohemia wa Ulaya ndio peke yao waliowahi kuendesha jiko la umma wakati wa vita.

Fikirieni tunavyomjua Siti binti Saad. Aliimba, akarekodi Bombay mwaka 1928, na sahani za santuri zikabaki; lakini habari za maisha yake, za utoto wa Fumba na kuuza vyungu, tunazijua zaidi kwa sababu Shaaban Robert alikaa chini akaandika wasifu wake. Kama asingefanya hivyo, tungekuwa na sauti bila mtu. Wauza chai hawakuacha hata sauti. Waliokuwa wakiwajua wanapungua kila mwaka, na waliosalia wengi wao wanawakumbuka wauzaji wa baadaye zaidi, wale wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati mchele, sukari na unga wa ngano vilipokuwa vya mgao tena na boflo moja la mkate lilihitaji kuamkiwa alfajiri. Hata hao ni wa kuandikwa upesi. Kipindi kile hakikuwa cha vita, lakini jikoni hakukuwa na tofauti kubwa, na hoteli za chai zilizobaki wazi zilibaki kwa akili za waendeshaji wake.

Nataja pia mgomo wa wachukuzi wa bandari wa mwaka 1948, ambao wasomaji wazee wanaufahamu na vijana wanaufundishwa kwa mistari miwili. Watu wasiokuwa na mshahara walishikilia msimamo wao kwa wiki kadhaa. Katika vitabu tunasoma madai yao, kampuni iliyowaajiri na hatua za serikali ya Mwingereza. Tumbo halimo vitabuni. Mtu aliyegoma wiki tatu amekula mahali fulani, na mahali hapo palikuwa na mwenyewe, mwenye daftari, aliyeamua kuendelea kukopesha au kuacha. Uamuzi huo ulikuwa na uzito wake katika mgomo, na ningependa kuuona ukitafutwa.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo tumekuwa hodari wa kuonesha milango. Mgeni akishuka Malindi ataoneshwa nyumba ya Tippu Tip, ataoneshwa mahali wanaposema alikaa Freddie Mercury, ataelezwa masultani mmoja baada ya mwingine. Sina ugomvi na waongozaji wa watalii, wana familia za kulisha. Lakini katika matembezi yote hayo hakuna kituo hata kimoja kinachoeleza mji huu ulikunywa chai wapi mchele ulipokatika, wakati Paris imeweza kuweka jina la mwenye mkahawa wa senti 65 juu ya mlango wa ukumbi wake.

Ninaloliomba gazeti lako, Ndugu Mhariri, linawezekana bila ya kungojea bajeti ya mtu. Kwanza, mwaliko uchapwe kwa familia za waliokuwa na hoteli za chai, migahawa midogo na meza za mlangoni Unguja na Pemba, wa mjini na wa Wete, Chake Chake na Mkoani vilevile, wenye madaftari ya deni, vibali, picha au vyombo vya zamani, ili wajitokeze kabla madaftari hayo hayajafungiwa maandazi. Nasema hivyo kwa uchungu kidogo, kwa kuwa daftari la bibi yangu liliishia hivyo hivyo: wajukuu tulilichana kurasa tukafungia karanga, na hakuna mtu mzima aliyetukataza, kwani nani angefikiri kwamba madeni ya watu waliokufa yana maana? Pili, nakala zipelekwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na asili zirudishwe kwa wenyewe. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wangeweza kusaidia kuwahoji wazee, na wanafunzi wa kike watangulizwe, kwa kuwa bibi wa miaka themanini hatasimulia habari za jikoni kwake mbele ya kijana wa kiume asiyemjua.

Na sharti moja nalisisitiza kuliko yote. Majina ya wadaiwa yasichapwe. Bei zichapwe, vyakula vichapwe, miezi ambayo deni lilipanda na miezi ambayo lilishuka ichapwe, na jina la mwenye mkahawa lichapwe kwa herufi kubwa kama familia yake itaridhia. Lakini baba wa mtu aliyekunywa chai ya mkopo mwaka 1943 au 1948 alisitiriwa na mwenye mkahawa, na wajukuu zake wapo mitaani wanasoma gazeti hili. Mkahawa ulifunga mdomo miaka themanini. Mwandishi wa habari asiufungue kwa ajili ya makala ya Jumamosi.

Mkikubali kuanza, mimi nipo tayari kuwapeleka waandishi wenu Malindi na Funguni, kwa nyumba ambazo nina hakika zilikuwa za wauza chai, na kuwatambulisha kwa wenyewe. Waje asubuhi baada ya saa mbili, kazi za ndani zikiwa zimepungua, na waje na subira ya kukaa.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu mstaafu,
Malindi, Mji Mkongwe, Zanzibar